Oili ni Damu ya Injini: Tununue Ipi, na Tubadilishe Lini?

Mwezi huu ukurasa wa familia unaongea juu ya kitu ambacho wengi wanaona ni cha wanaume na mafundi peke yao: oili ya injini. Lakini ukiangalia vizuri, oili iko ndani ya sufuria zetu. Pikipiki ikisimama, ada ya shule nayo inasimama. Mashine ya kusaga ikifa, mama anabeba mahindi kichwani mpaka Bweyale.

Wakati wa likizo, sisi walimu wawili wa kujitolea tulienda Malaba kuwaona vijana wetu wanaofanya kazi ya boda boda. Malaba mnaijua. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, maelfu ya watu walivuka pale na Busia, wakakaa kambi ya muda ya Mulanda, Tororo, na mwaka 2008 wengi wakaletwa hapa Kiryandongo. Wengine wetu tulivuka tukiwa mgongoni mwa mama. Leo baadhi ya vijana wamerudi mpakani kutafuta riziki, maana sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi. Na hata jina la kazi yao limezaliwa mpakani huko: zamani wenye baiskeli walibeba watu kutoka geti moja hadi lingine wakiita "boda, boda!", yaani mpaka hadi mpaka.

MAMBO YALIYOIPATA FAMILIA MOJA

Kuna familia ya hapa kwetu imekubali tuandike habari yake bila kutaja jina. Mama alichukua mkopo kwenye chama cha kina mama, akanunua pikipiki, akampa kijana wake wa kwanza aende nayo Malaba. Miezi minane mambo yalikuwa mazuri. Pesa ilitumwa kila Jumamosi, deni likapungua, na binti akaingia sekondari.

Kijana alikuwa anabadilisha oili, si kwamba alikuwa mvivu. Shida ni kwamba alinunua ile ya kupimiwa kwenye chupa ya soda kando ya barabara, kwa sababu ni rahisi, na siku nyingine akasema, "Wacha nimalize wiki hii kwanza." Injini ikaanza kupiga kelele, ikatoa moshi wa bluu, na siku moja ikakwama kabisa akiwa na abiria. Fundi alipofungua, pistoni na silinda zilikuwa zimekwaruzana, na chini kulikuwa na matope meusi. Kutengeneza kulikula pesa ya kununua chupa nyingi sana za oili nzuri. Binti alikaa nyumbani muhula mzima, na mama bado alitakiwa kulipa chama. Wanachama wenzake nao ni maskini, hawangeweza kumsamehe.

Kwa hiyo tunaandika ukurasa huu, ili mwingine asilie machozi hayo.

OILI INAFANYA KAZI GANI?

Ndani ya injini kuna vyuma vinavyosuguana mara maelfu kwa dakika. Oili inakaa katikati yao ili chuma kisiguse chuma. Pia inabeba joto, inaosha masizi na unga wa chuma, inasaidia ringi kuziba vizuri, na inazuia kutu. Kwa pikipiki nyingi za boda iko kazi nyingine tena: oili hiyohiyo ndiyo inalainisha gia na klachi.

Kazi hizo zote zinaichosha. Joto linaivunja, vumbi linaingia, petroli kidogo inapenya. Kwa hiyo hata kama haijapungua kwenye kipimo, inaweza kuwa imeshakufa. Kuongeza oili mpya juu ya iliyokufa ni kama kuongeza maziwa mazuri kwenye yaliyoharibika.

JINSI YA KUSOMA CHUPA

Watu wengi wananunua kwa rangi ya chupa au kwa jina walilosikia kwenye redio. Sisi tunasema: soma maandishi. Kuna mambo matatu ya kutafuta.

1. Uzito. Utaona SAE na namba, kwa mfano 20W-50 au 10W-30. Namba ya kwanza, yenye herufi W, inaonyesha oili inatiririka vipi wakati wa baridi. Ya pili inaonyesha inabaki nzito kiasi gani injini ikiwa moto. Namba ya pili ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi kwenye joto. Pikipiki nyingi za boda za hapa Afrika Mashariki zinatumia 20W-50, lakini si zote. Kitabu kilichokuja na pikipiki yako ndicho mwalimu wa kwanza. Kama kimepotea, uliza kwa muuzaji wa aina hiyo ya pikipiki, au tazama kibandiko au maandishi kwenye kifuniko cha oili.

2. Aina ya injini. Tafuta herufi API. Zikifuatwa na S, kama SJ, SL au SN, oili ni ya injini ya petroli. Zikifuatwa na C, kama CF-4 au CI-4, ni ya dizeli, yaani malori na mashine nyingi za kusaga. Chupa nyingine zina zote mbili. Kwa petroli, kadiri herufi ya pili inavyokuwa mbele katika alfabeti, ndivyo kiwango kilivyo kipya zaidi: SL ni mpya kuliko SG.

3. Klachi. Kwa pikipiki ya gia na klachi, tafuta maneno JASO MA au MA2. Hiki ni kiwango cha Wajapani cha pikipiki ambazo klachi yake inaoga ndani ya oili ya injini. Oili nyingine za magari madogo zimewekwa dawa ya kuzifanya ziteleze sana. Gari linafurahi, lakini klachi ya pikipiki inateleza: unavuta moto, injini inalia, pikipiki haiendi. Na ukiona JASO MB, hiyo ni ya skuta, iache.

Malaba ni mji wa malori, na oili ya lori inapatikana kila kona kwa bei ya chini. Wengine wanasema, "Kama inabeba kontena, itashindwa na pikipiki?" Jibu ni kwamba hata dawa ya ng'ombe ina nguvu, lakini hatumpi mtoto. Kama chupa haina JASO MA, usiiweke kwenye pikipiki.

OILI FEKI

Lori kubwa likimwaga oili linaweza kutoa zaidi ya lita 30 kwa mara moja. Mtu mbaya anaichuja, anaipaka rangi, anaitia kwenye chupa zilizookotwa, na anauza kama mpya. Jilinde hivi:

- Nunua chupa iliyofungwa, si ya kupimiwa. Angalia kifuniko na karatasi ya ndani kama havijaguswa.
- Angalia kama namba ya toleo imeandikwa, na kama maandishi hayajafifia wala kukosewa.
- Tafuta alama ya ubora: ya KEBS kwa upande wa Kenya, ya UNBS kwa upande wa Uganda. Alama peke yake haitoshi, maana nayo inaigwa, lakini ikikosekana jiulize mara mbili.
- Ikinuka kuungua, au ikiwa nyepesi kama maji, irudishe.
- Bei ikiwa chini sana kuliko ya maduka mengine yote, kuna sababu.
- Ukimaliza, kata chupa kwa kisu. Chupa nzima ndiyo mtaji wa mwizi.

TUBADILISHE LINI?

Hapa ndipo ugomvi mwingi uko. Mmoja anasema kila wiki, mwingine anasema mpaka iwe nyeusi. Rangi inadanganya. Oili ya dizeli inakuwa nyeusi mapema sana na bado inafanya kazi. Nyeusi maana yake inaosha. Lakini ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, imwage mara moja na umwone fundi.

Pikipiki mpya: oili ya kwanza imwagwe mapema, kwa kawaida kati ya kilomita 500 na 1,000, maana vyuma vipya vinatoa unga mwingi. Baada ya hapo, fuata kitabu. Lakini kitabu kinaweza kuwa na hesabu mbili, ya kazi nyepesi na ya kazi ngumu. Boda ni kazi ngumu! Abiria wawili na gunia, barabara ya murram, vumbi, gia ya kwanza kutwa nzima. Kama huna kitabu na unatumia oili ya kawaida, kilomita 2,000 ni kipimo salama.

Tulifanya hesabu hii katika darasa la jioni. Anayetembea kilomita 100 kwa siku anafika 2,000 kwa siku 20. Anayetembea 80 anafika kwa siku 25. Kama kipima mwendo kimekufa, na vingi vimekufa, hesabu siku za kazi.

Tena, injini inachoka hata bila kusonga. Mnakumbuka Januari 2022, Uganda ilipotaka madereva wapimwe Korona mpakani, foleni ya malori upande wa Kenya ilifika makumi ya kilomita. Lori linasogea mita chache, linangoja, linawashwa tena. Kilomita hazionekani, lakini oili inapikwa. Ndiyo maana mashine zisizotembea zinahesabiwa kwa saa. Jenereta ndogo za petroli kwa kawaida zinataka oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20, kisha kila saa 100 au miezi sita, ile inayotangulia. Anayewasha saa nne kila usiku, saa 100 zinaisha kwa siku 25. Kwa mashine ya kusaga, soma kitabu chake kwanza, kwa sababu zinatofautiana sana. Ila kipimo kitazamwe kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Wakati wa kupima, simamisha chombo mahali tambarare, zima, ngoja dakika chache. Oili iwe katikati ya alama mbili. Ikizidi pia ni mbaya, inatoa povu na kuvujisha sili. Wakati wa kumwaga, injini iwe vuguvugu ili uchafu utoke nao, lakini isiwe ya kuchoma mkono. Safisha au badilisha filta, na usisahau filta ya hewa: ikiwa imejaa vumbi au imetoboka, oili mpya itachafuka kwa siku chache.

NANI ANALIPA?

Jameni, hapa tuseme ukweli. Pikipiki nyingi mwenyewe ni mtu mmoja na anayeendesha ni mwingine. Mwendeshaji anafikiri, "Chombo si changu." Mwenyewe anafikiri, "Yeye ndiye anayekula nayo." Oili inabaki yatima. Hata mama na mwanawe wanaweza kuingia mtego huo, kwa sababu wanaoneana haya kuongea pesa.

Kaeni chini siku ya kwanza mkubaliane nani anatoa pesa ya oili, na muandike. Njia moja rahisi: gawa bei ya chupa kwa siku 20, na kila jioni weka sehemu hiyo ndani ya mkebe kabla ya pesa nyingine yoyote kuguswa. Siku ya ishirini chupa imeshajilipa. Kisha fungueni daftari lenye mistari minne: tarehe, kilomita au saa, aina ya oili, jina la aliyebadilisha. Mama akiwa Kiryandongo na kijana akiwa Malaba, daftari linaweza kusomwa kwa simu. Huo si ushushushu, ni kutunza mali ya nyumba. Na kama hujui kusoma vizuri, mtume mtoto wa shule akusomee chupa. Hiyo ni kazi nzuri ya nyumbani kuliko nyingi tunazowapa sisi!

OILI CHAFU

Usiimwage kwenye mtaro. Mto Malaba unaingia Mpologoma, Mpologoma unakwenda Ziwa Kyoga, na maji ya Kyoga yanatoka kwa Mto Nile, yakipita hapa wilayani kwetu kuelekea Karuma. Inayomwagwa kule haiko mbali na sisi. Iweke kwenye jerikani iliyoandikwa, mbali na watoto, umpelekee fundi mwenye pipa la kukusanya. Usiipake kwenye kidonda wala kichwani kwa ajili ya chawa, kama wengine wanavyofanya. Ina sumu, na kuigusa miaka mingi kunaweza kuleta saratani ya ngozi. Fundi aoshe mikono kwa sabuni, si kwa petroli.

Basi, kabla ya Jumapili, kila familia yenye injini ifanye mambo mawili: itazame kipimo, na iandike mstari wa kwanza wa daftari. Asiye na daftari aje shuleni saa za jioni, tutampa karatasi na tutachora mistari pamoja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tunawatakia mwezi mwema na safari za amani.

Walimu wenu wa kujitolea