Albamu Mpya Imetoka: Utajuaje Kama Ni Kali Kweli au Ni Jina Tu?

Albamu mpya ya Bongo Fleva ikitoka, maoni huanza kabla nyimbo hazijasikilizwa. Timu hii inasema ni moto, timu ile inasema ni ya kawaida sana. Kwa msikilizaji aliyeko Litumbandyosi, kata ya Wilaya ya Mbinga mkoani Ruvuma, jambo hili si la ushabiki tu. Ni hela. Bando likiishia kwenye nyimbo ambazo hakuzipenda, ndiyo limekwenda.

Haya hapa mambo manne yanayomsaidia mpenzi wa muziki kuwa na maoni yake mwenyewe, si ya kuazima.

1. Weka pembeni nyimbo ulizokwisha kuzizoea

Albamu nyingi za sasa hubeba nyimbo zilizotangulia kutoka. A Boy from Tandale ya Diamond Platnumz ilitoka mwaka 2018, lakini ndani yake zimo Marry You na Hallelujah, ambazo watu walikuwa nazo tangu 2017. Huo si wizi. Wimbo mmoja mmoja humweka msanii midomoni mwa watu, kisha albamu inakuja kukusanya.

Shida ni mazoea. Wimbo ulioupata kila siku redioni, kwenye bodaboda na saluni, utauona mtamu hata kama ni wa kawaida. Anayetaka kuijua albamu aanze na zile ambazo hajawahi kuzisikia. Zikiondolewa hiti za zamani, kimebaki nini?

2. Usikate shauri ndani ya sekunde 30

Spotify, iliyoingia Tanzania mwaka 2021, huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukifika sekunde 30. Msanii akilijua hilo, ana sababu ya kuleta kiitikio mapema ili usimruke.

Muziki wa dansi haukuwa na haraka hiyo. Kwa bendi kama Msondo Ngoma na Mlimani Park, kisa husimuliwa kwanza taratibu, halafu magitaa yanachemka na watu wanaamka kucheza. Ndiyo maana mzee huona nyimbo za leo zinaisha kabla hazijaanza, na kijana huona zile za zamani zinachelewa. Hakuna aliyekosea hapo. Masikio yao yamelelewa tofauti.

3. Angalia kama kolabo imekaa kwenye mstari

Ufukweni mwa Ziwa Nyasa kuna ngoma ya mganda. Wanaume hujipanga kwa mistari na kwenda kwa hatua zinazofanana na gwaride, urithi wa ngoma za beni za enzi za ukoloni. Uzuri wake uko kwenye kwenda pamoja. Mchezaji mmoja akijitokeza kuonyesha mbwembwe zake wakati wenzake wako kwenye hatua, hata awe hodari vipi, mstari umeharibika.

Kipimo hicho kinafaa pia kwa albamu. Jina kubwa kutoka Nigeria au Marekani likiingia, uliza: mgeni huyu ameongeza kitu kwenye wimbo, au amekuja kupita tu? Uzito wa jina hauufanyi wimbo kuwa mzuri.

4. Isikilize kwa mpangilio wake, walau mara moja

Zama za kanda, albamu kama Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, ya mwaka 2001, ilisikilizwa upande A kisha upande B. Kurudisha nyuma kulikula betri, na wengine walizungusha kanda kwa kalamu ili kuokoa mawe ya redio. Kwa hiyo mtu aliiacha icheze yote, na wimbo ambao hakuutegemea ukamnasa.

Leo wengi huingiziwa nyimbo kwenye memori kadi au flashi. Ni rahisi, ila albamu inafika vipandevipande: hiti tatu, zimechanganywa na za wasanii wengine kumi, bila mpangilio. Mtu akisema albamu ni mbovu, huenda hajasikia hata nusu yake. Na msanii hapati senti kwenye nakala hiyo.

Kwa mwenye bando dogo, njia ya nafuu ni kuanza na kazi fupi. EP ya Diamond ya mwaka 2022, First of All, ina nyimbo 10 tu. Nyingine zinaweza kusubiri wiki mbili, kelele zipungue. Wimbo ambao bado unaurudia baada ya hapo, wakati hakuna anayekusukuma, huo ndio wako.

Je, kwenye albamu ya mwisho uliyoisikiliza, ni wimbo gani ambao redio haziupigi lakini wewe unaurudia kila siku?