Tambarare, Matuta na Mteremko: Mwenendo wa Madereva wa Malori Katika Njia ya Kintinku

Kintinku ni kata ya Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, iliyo katika sakafu ya Bonde la Ufa, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dodoma kupitia Bahi hukaribia ukingo wa bonde na kuanza kupanda kuelekea Manyoni. Barabara hiyo ni sehemu ya Ushoroba wa Kati, yaani njia ya barabara na reli inayoiunganisha bandari ya Dar es Salaam na Rwanda, Burundi, Uganda na mashariki ya Kongo, na kwa sababu hiyo wakulima na wafugaji wa Kintinku wanaishi kando ya njia inayopitwa usiku na mchana na malori yenye shehena za mafuta, saruji, mbolea na makontena. Katika safari ya muda mfupi tu, dereva wa lori linalopita hapa hukutana na hali tatu zinazotofautiana sana: tambarare iliyonyooka, makazi yenye watu, mifugo na matuta, kisha mlima. Kila moja kati ya hali hizo humvuta dereva kwenye mwenendo fulani, na kila mwenendo una hatari yake.

Ajali kubwa inapotokea, taarifa za awali mara nyingi hutaja chanzo chake kwa maneno mawili, “uzembe wa dereva”, na mjadala hufungwa hapo. Maneno hayo huweza kuwa kweli, lakini hayaelezi mengi, kwa kuwa yanakusanya chini ya jina moja mambo ambayo asili yake ni mbalimbali. Mwaka 1990, mwanasaikolojia James Reason na wenzake wa Chuo Kikuu cha Manchester nchini Uingereza walichapisha utafiti uliotumia dodoso la mwenendo wa udereva, ambao ulionyesha kuwa kasoro za barabarani zinafaa kugawanywa katika mafungu. La kwanza ni kughafilika, kama vile dereva kuwasha waipa akidhani anawasha taa; la pili ni kukosea, kama vile kukadiria vibaya kasi ya gari linalokuja mbele; na la tatu ni kukiuka, yaani kufanya kwa makusudi jambo ambalo mtu anajua limekatazwa. Baadhi ya tafiti zilizofuata ziliona kuwa fungu la tatu ndilo lenye uhusiano wa karibu zaidi na ajali. Mgawanyo huu una manufaa kwa sababu tiba zake hazifanani: anayeghafilika anahitaji mapumziko, anayekosea anahitaji mafunzo, na anayekiuka anahitaji usimamizi, pamoja na mtu wa kuuliza ni nini kinachomfanya aone kukiuka kuna faida.

Hatari ya tambarare ni usingizi. Lori lililoondoka Dar es Salaam huwa limekwisha kutembea zaidi ya kilomita 450 kufika Dodoma, na baada ya hapo dereva huingia katika barabara iliyonyooka, yenye mandhari isiyobadilika na injini inayonguruma kwa sauti ileile, mambo ambayo humfanya hata mtu aliyepumzika aanze kulegea. Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani inayopanga nyakati za kulala na kuamka, na saa hiyo hushusha umakini kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, kisha kwa kiasi kidogo baada ya chakula cha mchana. Dereva mwenye deni la usingizi huweza kupotewa na fahamu kwa sekunde chache huku macho yake yakionekana kama yako wazi. Na katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde tatu za namna hiyo ni sawa na karibu mita 67 za lori lisiloongozwa na mtu. Watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye miligramu 50 za kilevi katika mililita 100 za damu, na akifikisha saa 24 hukaribia miligramu 100, kiasi ambacho kimeshapita kikomo cha miligramu 80 kilichowekwa katika sheria ya Tanzania. Kifaa cha kupimia pumzi hakiwezi kumkamata dereva huyo, kwa sababu hajaonja pombe.

Baadhi ya madereva hujaribu kuushinda usingizi kwa kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, au mirungi ambayo nchini Tanzania ni dawa ya kulevya iliyopigwa marufuku. Vitu hivyo huchelewesha usingizi bila kulipa deni lake, na nguvu yake inapokwisha, uchovu hurudi kwa ghafla, mara nyingi dereva akiwa bado njiani. Dawa ya usingizi ni kulala. Hata nusu saa ya kulala kwenye maegesho salama husaidia kuliko kuongeza sauti ya redio au kuteremsha kioo ili upepo uingie.

Dereva anapoingia katika makazi, hatari hubadilika kuwa mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi, na magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa hata nje ya makazi. Tofauti ya namba hizo huonekana ndogo kwa mtu aliyetoka kwenye kilomita nyingi za barabara tupu, kwa kuwa jicho lililozoea mwendo wa 80 huiona 60 kama kutambaa. Hata hivyo, nguvu ya gari linalotembea huongezeka kwa mraba wa mwendo wake, hivyo lori la kilomita 80 kwa saa lina nguvu ya kugonga iliyo zaidi ya mara mbili na nusu ya lori lilelile likiwa katika 50. Mtoto anayevuka kwenda shuleni au ng’ombe anayerudi malishoni hana kinga yoyote mbele ya tofauti hiyo. Ndiyo maana matuta yamewekwa, na ndiyo maana trafiki husimama na tochi, kifaa cha kupimia mwendo. Lakini dereva anayepunguza mwendo kwa sababu ameonywa kwa taa na mwenzake kuwa kuna tochi mbele, huongeza tena mara tu anapoipita, na hapo mwenendo wake unakuwa umebadilika kwa mita mia chache tu.

Mlima nao una hatari ya pande mbili. Anayeteremka kutoka Manyoni kurudi bondeni anaongoza chombo ambacho, kwa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, kinaweza kufikia tani 56 pamoja na mzigo wake. Breki huzuia mwendo kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Dereva anayekanyaga breki mfululizo tangu kileleni huzipasha moto hadi zinapoteza nguvu ya kushika, na breki hizo hugoma wakati anapozihitaji zaidi. Njia sahihi ni kuingia gia nzito kabla ya mteremko kuanza, kuiacha injini ilizuie gari, na kukanyaga breki kwa vipindi. Wapo wanaofanya kinyume kabisa, wakaondoa gia na kuteremka “frii” ili kubana mafuta, hasa pale ambapo dereva hupewa mafuta ya kupimwa na yanayobaki yakawa faida yake. Ukiukaji huo una hesabu ndani yake, na hesabu yenyewe iliandikwa na aliyepanga utaratibu wa mafuta.

Anayepanda hukabiliwa na jaribu la kupita lori lililo mbele yake. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ugumu wa jambo hilo. Lori la mita 18 linalopanda kwa kilomita 30 kwa saa, likitaka kulipita jingine la urefu huohuo linalopanda kwa kilomita 20, huku likiacha nafasi ya mita 20 nyuma na mbele, litahitaji takriban sekunde 27, na katika muda huo litakuwa limetembea karibu mita 230 upande usio wake. Gari linaloteremka kwa kilomita 80 kwa saa hukata mita 600 katika sekunde hizohizo. Basi dereva anahitaji kuona barabara tupu kwa zaidi ya mita 800, umbali ambao ni nadra kupatikana kwenye mlima wenye kona. Tangu mwaka 2023, mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, gari linalokuja kutoka mbele gizani huweza kuwa na makumi ya abiria waliolala.

Hatari nyingine, ambayo haitajwi sana, ni lori lisilotembea. Gari lililoharibika na kuachwa barabarani bila taa, likiwa limewekewa matawi ya miti na mawe badala ya pembetatu zenye kuakisi mwanga, huwa kama ukuta kwa anayekuja nyuma yake usiku. Mawe hayo yakiachwa pale baada ya gari kutengenezwa, hatari hubaki hata baada ya lori lenyewe kuondoka. Aidha, tukio la Msamvu, Morogoro, la tarehe 10 Agosti 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walikufa kwa moto walipokuwa wakichota petroli kwenye lori lililopinduka, ni kumbusho kwa kila kijiji cha kando ya barabara kuu kwamba lori la mafuta lililoanguka ni mahali pa kukimbia.

Ukiyaunganisha mambo haya, inaonekana kuwa sehemu kubwa ya mwenendo wa dereva huamuliwa kabla hajashika usukani. Anayelipwa kwa idadi ya safari huona kulala kama hasara. Aliyepoteza siku nzima akisubiri mzigo bandarini au nyaraka mpakani hutafuta kuirudisha siku hiyo barabarani. Na asiye na mkataba wa maandishi hana nguvu ya kumwambia tajiri wake kuwa breki hazifai. Mwezi Aprili 2015, madereva nchini Tanzania waligoma, na madai ya mikataba ya ajira yalikuwa miongoni mwa yaliyosikika zaidi. Mizani ya barabarani, kama ya Nala na ya Njuki, hupima uzito wa mzigo, na vifaa vya kufuatilia magari kwa setilaiti huonyesha kasi na mahali, lakini hakuna mzani unaopima saa alizokaa macho mtu aliye nyuma ya usukani.

Nchi za Umoja wa Ulaya zimelishughulikia jambo hilo kwa kanuni ya mwaka 2006 inayomtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya saa nne na nusu za kuendesha, na kila lori hubeba kifaa kinachorekodi saa hizo. Tanzania haihitaji kuanzia sifuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mapumziko ya dakika 60 anapofanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano, inakataza kazi kuzidi saa 12 kwa siku hata pakiwa na saa za ziada, na inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Mmiliki wa malori anayepanga safari kwa kufuata vipimo hivyo, akaonyesha katika ratiba ni wapi dereva atalala na nani atamlipa kwa usiku huo, atakuwa amepunguza hatari ya Kintinku kuliko tuta lolote.

Reli ya kisasa iliyojengwa kutoka Morogoro hadi Makutupora, katika wilaya hiyohiyo ya Manyoni, huenda ikapunguza mizigo ya masafa marefu barabarani, lakini malori hayataondoka, kwani kila kontena linaloteremshwa stesheni litahitaji lori la kulifikisha linakokwenda. Kwa hiyo hukumu ya mwisho inabaki kwa wenye mizigo na wenye magari: saa moja ya mapumziko imekuwamo katika sheria ya nchi tangu 2004, na dereva anayefika Kintinku usiku wa manane ana haki ya kuwa ameshaipata.