Kubomoka au Kubomolewa? Besiboli ya Kanada na neno "kujenga upya"

Mwaka jana, katika somo la istilahi, mwalimu wetu alitupa kazi: kila mwanafunzi achague mchezo usiochezwa kwetu, aorodheshe maneno yake kwa Kifaransa, kisha ayatafutie Kiswahili. Wenzangu walichukua raga, hoki na gofu. Mimi nilichukua besiboli kwa sababu moja ya kivivu. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna mji mkubwa uliocheza mchezo huo wa Kimarekani kwa Kifaransa kwa miaka mingi, kwa hiyo niliona nusu ya kazi imekwisha kufanywa. Mji huo ni Montréal, nchini Kanada.

Sikujua kwamba orodha ya maneno ingenipeleka kwenye historia ya timu mbili, moja iliyokufa na moja iliyo hai, na kwenye neno moja linalosikika kila mara timu inapouza wachezaji wake wazuri: "reconstruction", yaani kujenga upya. Makala haya yanaeleza historia hiyo, kisha yanauliza swali ambalo sarufi yetu ya Kiswahili inalidai kuliko Kifaransa.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Timu mbili za watu tisa hupeana zamu. Mrushaji, ambaye Wakanada wa Kifaransa humwita "lanceur", husimama katikati ya uwanja na kumtupia mpigaji mpira mdogo na mgumu. Mpigaji ana rungu. Akiupiga mpira vizuri, hukimbia kuzunguka vituo vinne vilivyopangwa kama almasi. Akirudi alikoanzia, timu yake inapata pointi. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji, "receveur". Watu watatu wa timu inayopiga wakitolewa, zamu huhamia upande wa pili. Kila upande hupiga zamu tisa, na mechi huisha, isipokuwa kama pointi zimelingana. Mpira ukirushwa kwa rungu hadi nje ya ukuta, mpigaji huzunguka vituo vyote bila mtu wa kumzuia. Montréal huliita hilo "coup de circuit". Mimi nimeliita pigo la mzunguko.

Kila timu ya ligi kuu hucheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku kuanzia Aprili hadi Septemba. Ni mchezo wa mazoea ya kila jioni, na redio ndiyo iliyoulea.

Mlango wa Montréal

Kwa zaidi ya miaka hamsini, ligi za kulipwa za Marekani ziliwafungia mlango wachezaji Weusi. Timu ya Brooklyn Dodgers ilipoamua kuuvunja mlango huo, ilimsajili Jackie Robinson, lakini haikumpeleka Brooklyn moja kwa moja. Mwaka 1946 ilimpeleka kwanza Montréal, kwenye timu yake ndogo iliyoitwa Royals. Robinson aliongoza ligi nzima kwa upigaji, timu ikachukua ubingwa, na mashabiki wakamkimbilia barabarani kwa furaha. Mwaka uliofuata aliingia ligi kuu na historia ya Marekani ikabadilika.

Montréal ilipata timu yake ya ligi kuu mwaka 1969. Ilikuwa ya kwanza nje ya mipaka ya Marekani, na iliitwa Expos kwa kumbukumbu ya maonyesho ya dunia yaliyofanyika hapo mwaka 1967. Ilianza katika uwanja mdogo wa Jarry, kisha mwaka 1977 ikahamia Uwanja wa Olimpiki.

Hapo ndipo kazi ya lugha iliposhika kasi. Watangazaji kama Jacques Doucet, aliyekuwa sauti ya Expos redioni tangu 1972 hadi 2004, na Claude Raymond, mrushaji mzaliwa wa Québec aliyegeuka mtangazaji, walilazimika kueleza kila jambo kwa Kifaransa, jioni baada ya jioni. Mpira unaoyumba hewani kama mdudu asiye na mwelekeo waliuita "balle papillon", mpira-kipepeo. Baadhi ya maneno hayo yalikuwepo kabla yao, lakini redio ndiyo iliyoyaingiza jikoni, dukani na kwenye teksi. Istilahi haiishi kwa kuandikwa kwenye kamusi. Huishi kwa kusemwa wakati mtu ana jambo la kulia au kushangilia.

Na ya kulia yalikuwepo. Mwaka 1981 Expos ilifika hatua moja tu kabla ya fainali kuu. Jumatatu ya tarehe 19 Oktoba, katika zamu ya tisa, Rick Monday wa Los Angeles alipiga pigo la mzunguko na kuizima ndoto. Lakini msiba mkubwa zaidi haukuletwa na rungu.

Mwaka 1994

Mwaka huo Expos ilishinda mechi 74 na kupoteza 40. Hakuna timu iliyokuwa na rekodi bora kuliko hiyo, na bajeti yake ya mishahara ilikuwa miongoni mwa ndogo kabisa. Tarehe 12 Agosti wachezaji wa timu zote waligoma, kwa sababu wenye timu walitaka kuweka kikomo cha mishahara. Mwezi wa Septemba fainali ilifutwa. Msimu bora kabisa wa Montréal haukuwa na mwisho.

Kilichofuata ndicho ninachotaka msomaji akishike. Mgomo ulipoisha, Aprili 1995, wenye timu walisema hakuna fedha. Ndani ya wiki moja, John Wetteland, Ken Hill na Marquis Grissom walihamishwa kwenda timu nyingine, naye Larry Walker akaachwa aende zake. Vuli hiyo hiyo Grissom alidaka mpira wa mwisho ulioipa Atlanta ubingwa. Mwaka 1996 Wetteland alichaguliwa mchezaji bora wa fainali akiwa na New York. Mwaka 1997 Walker alikuwa mchezaji bora wa ligi akiwa Colorado. Mwisho wa mwaka huo huo Pedro Martínez, aliyekuwa ametoka kutunukiwa tuzo ya mrushaji bora, alipelekwa Boston.

Mashabiki waliombwa wawe na subira, kwani vijana wanakuja. Na kweli vijana walikuja. Tatizo ni kwamba nao walipokomaa waliondoka. Mwaka 1998 watazamaji wa msimu mzima walishuka chini ya milioni moja. Timu ilikusanya viingilio kwa dola za Kanada na kulipa mishahara kwa dola za Marekani, na mwanzoni mwa 2002 dola ya Kanada ilifika chini kabisa, takriban senti 62 za Marekani. Sisi tunaopokea faranga na kulipa kodi ya nyumba kwa dola hatuhitaji maelezo zaidi.

Mwaka huo wa 2002 timu ilinunuliwa na ligi yenyewe, maana yake ilimilikiwa na wapinzani wake 29. Misimu miwili ya mwisho ilichezea baadhi ya mechi zake za "nyumbani" Puerto Rico. Tarehe 29 Septemba 2004 ilicheza Montréal kwa mara ya mwisho, ikafungwa 9 kwa 1. Mwezi uliofuata Boston ilichukua ubingwa, Pedro Martínez akiwa mmoja wa warushaji wake. Mwaka 2005 Expos ikawa timu ya Washington yenye jina jingine.

Kwa nini kushindwa kunaweza kulipa

Mpenzi wa kandanda atauliza: kwa nini timu iuze watu wake bora kwa hiari? Katika Linafoot, timu inayomaliza mwisho hushuka daraja, kwa hiyo kushindwa ni hatari. Ligi kuu ya besiboli haina kushuka daraja. Kinyume chake, timu zilizofanya vibaya hupewa nafasi za mbele katika kuchagua vijana wapya. Tena, kijana akiingia ligi kuu, timu humshikilia kwa takriban misimu sita kabla hajawa huru kwenda anakotaka, na miaka ya mwanzo mshahara wake ni mdogo.

Hesabu basi ni hii: uza mchezaji wa miaka 32 mwenye jina, pokea vijana watatu wa miaka 19, poteza mechi nyingi kwa miaka miwili au mitatu, halafu vunja. Mkulima anaelewa hesabu hiyo. Lakini mkulima hupumzisha shamba akijua kwamba mwakani litakuwa bado lake.

Toronto

Timu ya Toronto, Blue Jays, ilizaliwa mwaka 1977 na kucheza mechi yake ya kwanza kwenye theluji. Msimu huo ilipoteza mechi 107. Chini ya Pat Gillick ilikuza vijana bila haraka; ilisubiri hadi 1983 kupata msimu wa kwanza wa kushinda zaidi ya kushindwa. Mwaka 1992 ikawa timu ya kwanza nje ya Marekani kutwaa ubingwa, na kocha wake, Cito Gaston, akawa kocha Mweusi wa kwanza kushinda fainali hiyo. Mwaka 1993, Joe Carter alimaliza fainali kwa pigo la mzunguko. Watazamaji msimu huo walizidi milioni nne.

Kisha kukawa na ukame wa miaka 22 hadi 2015, iliporudi kwenye hatua za mtoano. Baada ya miaka miwili mizuri, wakubwa wakazeeka, na uongozi ukaamua kubomoa. Josh Donaldson aliondoka 2018, Marcus Stroman 2019. Msimu wa 2019 ulikuwa wa aibu: ushindi 67, vipigo 95. Lakini mwaka huo huo waliingia vijana wawili, Vladimir Guerrero Mdogo na Bo Bichette.

Huyo Guerrero alizaliwa Montréal mwaka 1999, wakati baba yake, mwenye jina hilo hilo, akiwa nyota wa Expos. Baba aliondoka baada ya msimu wa 2003, kwa sababu timu isiyo na mwenyewe haikuwa na uwezo wa kumbakiza. Mwaka 2025 Toronto ilimpa mwana mkataba wa miaka 14 wenye thamani ya dola milioni 500 za Marekani.

Njia haikuwa imenyooka. Mwaka 2024 Toronto ilishika mkia katika kundi lake. Mwaka 2025 ilishinda mechi 94, ikafika fainali dhidi ya Los Angeles, na katika mechi ya saba ilikuwa inaongoza, imebakiza kuwatoa watu wawili tu. Los Angeles ikasawazisha, kisha ikashinda 5 kwa 4 katika zamu ya 11. Ubingwa ulikosekana, lakini nyumba ilikuwa imesimama.

Kwa nini Toronto iliweza? Vijana wazuri walikuwepo pande zote mbili. Tofauti ni kwamba tangu 2000 timu ya Toronto inamilikiwa na kampuni moja, Rogers, yenye televisheni inayoonyesha mechi na, baadaye, uwanja wenyewe. Fedha ya mechi hubaki ndani ya nyumba moja. Montréal, kwa upande wake, mwaka 2000 haikuwa hata na mkataba wa kutangaza mechi zake kwa Kiingereza redioni wala kwenye televisheni.

Kauli mbili za kitenzi kimoja

Sasa turudi darasani. Nilipokuwa nikitafsiri, nilikutana na sentensi za Kifaransa zinazosema kwamba timu ya Montréal "ilianguka". Kiswahili kilinizuia kidogo. Nyumba yetu inaweza kubomoka, kauli ya kutendeka, yaani yenyewe, kwa mvua na uzee. Au inaweza kubomolewa, kauli ya kutendwa, na hapo msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Wengi husimulia Expos kama nyumba iliyobomoka: mji haukuwa na mapenzi, uwanja ulikuwa mbaya, watu walipenda hoki. Tarehe zinasema vingine. Watu walipungua baada ya wachezaji kuuzwa. Timu ile haikubomoka. Ilibomolewa.

Na "kujenga upya" pia kuna kauli zake. Kujengwa kunauliza nani anajenga. Kujengewa kunauliza zaidi: kwa ajili ya nani? Toronto ilibomoa ili mashabiki wake wajengewe. Montréal ilibomolewa, na matofali yake yakawajengea Atlanta, New York, Colorado na Boston. Kwa hiyo kila ninaposikia wakubwa, wa mchezo au wa jambo jingine, wakisema "tunajenga upya", nimejifunza kungoja sehemu ya pili ya sentensi.

Orodha yangu niliikabidhi ikiwa na maneno 64. Mwalimu alinirudishia na duara moja jekundu. "Arrêt-court", yule anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu na kuuzuia mpira kabla haujapita, nilikuwa nimemwita "msimamishaji mfupi", na ni tafsiri mbovu, kwa sababu inamfanya mtu huyo aonekane kimo chake ni kifupi. Bado sijapata neno linalofaa. Mwenye nalo aniletee.