Rafu Isiyoadhibiwa Ni Deni

Tarehe 8 Julai 1982, katika mji wa Sevilla huko Hispania, Ufaransa na Ujerumani Magharibi zilikutana katika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mfaransa Patrick Battiston, aliyekuwa ameingia kutoka akiba, alilikimbilia gozi akabaki uso kwa uso na mlinda lango Harald Schumacher. Akalipiga, likapita nje. Schumacher hakushughulika na gozi. Aliruka akamgonga mwenzake kwa nyonga. Battiston akaanguka kazirai, meno yamemtoka, na uti wa mgongo umeumia.

Mwamuzi Charles Corver wa Uholanzi akaamuru nini? Mpira wa goli, basi! Hapana faulo, hapana kadi, hata ya manjano. Mchezo ukaisha 3-3, na Wajerumani wakashinda kwa penalti 5-4. Aliyezuia penalti mbili za Wafaransa ni Schumacher yuyo huyo, ambaye kwa haki angekuwa amekwisha kukoga na kuvaa nguo zake za kwendea nyumbani.

Wako watu, waungwana wasomaji, husema kandanda ni mchezo wa wanaume na aogopaye kuumia akacheze bao. Maneno hayo ni matamu kwa aliyekaa jukwaani. Kugombania mpira bega kwa bega ni uhodari, wala hapana akatazaye. Lakini kumparamia mtu kwa nyuma, njumu juu, asikokuona wala kujihami, huo una uhodari gani?

Kadi zenyewe si za kale. Ni Ken Aston, mwamuzi wa Kiingereza, aliyepata fikira hiyo kwa kutazama taa za barabarani, nazo zikaanza kutumika katika Kombe la Dunia la 1970. Hata hivyo, kuwa na kadi mfukoni ni jambo moja, na kuitoa ni jambo jingine. Mwezi wa Septemba 1983, Andoni Goikoetxea wa Athletic Bilbao alimvunja Diego Maradona kifundo cha mguu mjini Barcelona, na wala hakutolewa uwanjani. Adhabu ya kufungiwa mechi ilimfuata baadaye. Marco van Basten wa Uholanzi naye alicheza mechi yake ya mwisho mwaka 1993, umri wake miaka 28 tu, kwa kifundo kilichokataa kupona. Ndipo mwaka 1998 waamuzi wakaamriwa kwamba amvamiaye mwenzake kwa nyuma na kumhatarisha, apewe nyekundu.

Sheria ya leo inapima kwa mizani tatu. Asiyeangalia atozwe faulo. Asiyejali hatari anayomtia mwenzake apewe manjano. Atumiaye nguvu kupita kiasi atoke nje. Haiulizi nia, na hapo imefanya busara, kwani nia imo kifuani na mguu ndio uonekanao. Wala haingoji mfupa uvunjike. Rafu mbaya iliyokosa shabaha bado ni rafu mbaya.

Nayasema haya kwa sababu ya viwanja vyetu vya mchanga. Mchezaji wa Ulaya akivunjika ana daktari wa klabu na mshahara wake. Kijana wetu achezaye Jumapili, Jumatatu ni mchukuzi bandarini au mvuvi. Mguu wake ndio shamba lake. Ukivunjika, mwenye kumvunja humpa pole na mkono, kisha hurudi mchezoni. Nyumbani kwa aliyevunjika jiko halitiwi moto.

Basi refa anayeiacha kadi mfukoni kwa kuchelea makelele ya mashabiki, na akumbuke: mchelea mwana kulia hulia yeye. Asipoadhibu rafu ya kwanza, ya pili italipizwa na wachezaji wenyewe, na malipo yao hayana mizani.