Saa inayohesabu hatua: ya kuamini ni yapi, na ya kupeleka zahanati ni yapi

Saa za mkononi zinazohesabu hatua, mapigo ya moyo na usingizi sasa zinaonekana hata kwenye minada na magulio ya huku kwetu, kuanzia Kibondo na Kasulu hadi Muyama. Nyingine zimeletwa na vijana waliorudi kutoka Dar es Salaam, nyingine zinauzwa na wamachinga pamoja na chaja na makava ya simu. Wengi wakishaivaa hawaivui tena: shambani wanayo, sokoni wanayo, kitandani wanayo.

Msikilizaji, maswali yanayoulizwa zaidi kuhusu saa hizi ni mawili. Je, namba zinazotokea pale ni za kweli? Na je, saa ikionyesha presha iko sawa, kuna haja tena ya kwenda kupima?

Swali la pili tulijibu mapema, maana linabeba uhai wa mtu: haja ipo. Sababu utaiona ukijua saa yenyewe inafanyaje kazi.

Inahesabu mkono, si mguu

Ndani ya saa kuna kifaa kidogo kinachohisi mtikisiko. Mtu akitembea, mkono hupunga mbele na nyuma kwa mwendo unaojirudia. Saa hutambua mwendo huo na kuuhesabu kuwa hatua. Mguu umekwenda wapi, yenyewe haijui.

Ndiyo maana kazi zetu huichanganya. Anayesukuma baiskeli yenye gunia la maharage kupandisha mlima ameshika usukani kwa mikono miwili. Jasho linamtoka, lakini saa inaweza kumhesabia hatua chache tu. Mama aliyeshika ndoo ya maji kichwani ni hivyo hivyo. Kwa upande mwingine, anayelima kwa jembe la mkono, anayetwanga au anayefua anaweza kuongezewa hatua ambazo hakutembea.

Mapigo ya moyo hupimwa kwa mwanga. Geuza saa uone: chini yake kuna taa ndogo, mara nyingi ya kijani. Damu hunyonya mwanga huo. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka kwenye mishipa midogo ya ngozi na mwanga unaorudi hupungua. Saa huhesabu kupanda na kushuka huko. Ukiwa umekaa umetulia, hesabu hiyo mara nyingi hukaribia ukweli. Ukiwa unalima na saa inachezacheza mkononi, inaweza kupotea sana.

Kalori, kina cha usingizi na kiwango cha uchovu havipimwi moja kwa moja. Saa hukisia, kwa kuchukua umri, uzito na urefu uliojaza kwenye simu na kuchanganya na mwendo na mapigo.

Wahadzabe walishavaa

Vifaa vya namna hii vilishavaliwa na Watanzania wenzetu wa kijijini kwa ajili ya utafiti. Ni Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa nchi.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, watu wazima 30 walipimwa. Vifaa vya kufuatilia mahali kwa satelaiti vilionyesha kuwa wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku na wanawake kilomita 5.8. Nguvu ambayo miili yao ilitumia haikupimwa kwa saa. Walikunywa maji maalumu ya kitaalamu, kisha mkojo wao ukachunguzwa. Matokeo yaliwashangaza wengi: ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadzabe walitumia nguvu karibu sawa na watu wa Marekani na Ulaya ambao hawatembei kiasi hicho. Maana yake ni kwamba mwili una namna yake ya kubana matumizi. Saa ikikuambia umechoma kalori kadhaa kwa sababu ya hatua kadhaa, ichukue kuwa ni makadirio tu.

Mwaka 2017 ukachapishwa utafiti mwingine. Safari hii Wahadzabe 33 walivaa mkononi vifaa vya kufuatilia usingizi kwa siku 20. Katika kipindi chote hicho, dakika ambazo watu wazima wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Muda mwingine wowote palikuwa na mmoja au zaidi aliye macho. Kwa hiyo kuamka usiku, peke yake, si ugonjwa. Saa ikikuambia umelala vibaya na wewe umeamka na nguvu zako, usianze siku kwa hofu.

Elfu kumi ilitoka wapi?

Saa nyingi hukupangia hatua 10,000 kwa siku. Namba hiyo haikuanzia hospitalini. Ilitoka Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ilipoanza kuuza kifaa cha kiunoni kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina zuri la biashara.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000, ulionyesha kuwa waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea kama 2,700. Nafuu iliendelea hadi hatua kama 7,500, kisha haikuongezeka tena. Kwa mkulima anayepanda na kushuka milima yetu, hatua si tatizo. Saa hii inamfaa zaidi anayekaa kutwa: fundi cherehani, mwenye duka, karani, dereva wa bodaboda.

Presha na sukari: hapa ndipo penye hatari

Zipo saa za bei nafuu zinazoonyesha presha bila kukubana popote. Fanya jaribio: ifunge saa hiyo kwenye ndizi. Baadhi zitakuletea mapigo ya moyo ya ndizi. Kama inaweza kuipa ndizi moyo, fikiria itakavyokuambia kuhusu mishipa yako.

Presha hupimwa kwa mkanda unaofungwa juu ya kiwiko na kujazwa upepo, mtu akiwa amekaa na kutulia kama dakika tano. Hata Samsung, ambayo baadhi ya saa zake hukadiria presha, humtaka mtumiaji azilinganishe na kipimo cha mkanda kila baada ya siku 28.

Tunalisisitiza hili kwa sababu presha ya juu mara nyingi haina dalili. Mtu anaweza kuwa na 170 kwa 100, akalima, akala, akacheka, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiumia. Saa ikimwambia ana 120 kwa 80, ataacha dawa au hatakwenda kabisa kupima. Siku anapoanguka na kupooza upande mmoja, saa bado inaonyesha 120 kwa 80. Ukipimwa zahanati mara zaidi ya moja ukakutwa na 140 kwa 90 au zaidi, fuata maelekezo ya mhudumu wa afya, si ya saa.

Kwa sukari, hali ni hiyo hiyo. Februari 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya watu wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi, na ikasema haijaidhinisha hata moja. Mgonjwa wa kisukari akichoma insulini kwa kufuata namba ya uongo, anaweza kupoteza fahamu au maisha.

Kipimo cha oksijeni nacho kina jambo linalotuhusu sisi wenye ngozi nyeusi. Mwaka 2020, uchunguzi wa wagonjwa nchini Marekani ulionyesha kuwa hata vile vipimo vya kidoleni vya hospitali vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Mtoto au mzee akihema kwa shida, usingoje saa ikubali. Mpeleke.

Ukiivaa, ivae hivi

Ivae mkono usioutumia sana, isibane wala isilegee. Ivue kila siku, uioshe, uikaushe pamoja na ngozi, maana jasho na sabuni vikikaa chini yake huleta vipele. Usiku si lazima kulala nayo.

Angalia pia programu unayoingiza kwenye simu. Itakuuliza umri, uzito na mahali ulipo. Mwaka 2018 dunia iligundua kuwa ramani ya Strava, programu ya wakimbiaji, ilikuwa imeonyesha njia za askari ndani ya kambi za kijeshi, kwa sababu walikimbia wakiwa na vifaa hivi. Kama programu inaomba majina na namba zote ulizohifadhi kwenye simu ili ihesabu hatua, ikatalie.

Halafu jilinganishe na wewe mwenyewe, siyo na jirani. Kama mapigo yako ukiwa umepumzika yamekuwa kama 70 kwa miezi, kisha kwa siku kadhaa yanaonyesha 95, hiyo ni habari yenye manufaa. Inaweza kuwa malaria inaanza, upungufu wa damu, au uchovu tu. Saa haiwezi kukuambia ni ipi. Inaweza kukukumbusha kwenda kupima, na hiyo ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote.

Ukiwa na swali la afya na zahanati iko mbali, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Na siku ya gulio, kabla hujafika kwa muuza saa, pitia kituo cha afya upimwe presha kwa mkanda. Iandike namba hiyo na tarehe yake kwenye daftari, uje nayo utakaporudi kupima tena.