Elfu Tano za Alfajiri: Mkopo Upi Una Nafuu?

Saa kumi na moja alfajiri lori la nyanya limekwisha kuingia soko la Kongowea na makuli wanashusha kreti. Shangazi yangu amesimama kando ya gurudumu la nyuma, simu mkononi, macho kwenye kioo. Jana soko lilikuwa baridi, mtaji umeliwa na nauli na dawa ya mjukuu, na mwenye lori hakopeshi mtu. Simu inalia mlio mfupi. Shilingi 5,000 zimeingia. Tangu abonyeze kuomba hadi zifike, kahawa yake haijapoa kikombeni.

Hakuna afisa wa benki aliyelisoma ombi lile. Kompyuta ndiyo iliyokata shauri, kwa kutazama laini yake ina umri gani, pesa zinaingia na kutoka vipi, na madeni ya nyuma ameyalipa lini. Wakenya wengi walikutana hapa na akili unde, au akili mnemba kama wanavyoiita Tanzania, miaka mingi kabla ya programu za kujibu maswali kuvuma. Tulikuwa tukiiita "limiti" tu. Limiti yangu imepanda, limiti yangu imeshuka.

Kukopesha ni biashara kongwe, na benki zilikuwa na njia yake: hati ya shamba, karatasi ya mshahara, mdhamini mwenye cheo. Muuza nyanya hana hata kimoja. Mwezi wa Novemba 2012 Safaricom na benki ya CBA, ambayo leo ni NCBA, walizindua M-Shwari, huduma ya kukopa kwa simu. Mwaka 2014 Shivani Siroya akaileta Kenya kampuni yake ambayo baadaye iliitwa Tala, akiwa na hoja kwamba mtu asiye na karatasi ana historia, ila historia hiyo imo ndani ya simu yake. Ameeleza hadharani kwamba hata mazoea ya kuwapigia jamaa zako mara kwa mara yanaweza kuashiria kama utalipa. Matt Flannery, mmoja wa waanzilishi wa Kiva, akafuata na Branch. Kisha mwaka 2016 sheria ikaziwekea benki kikomo cha riba, nazo zikazidi kumkimbia mkopaji mdogo. Programu za simu, ambazo kikomo hicho hakikuzigusa, zikapata uwanja mpana. Sheria ile iliondolewa Novemba 2019, lakini mazoea yalikuwa yamekwisha kukita mizizi.

Sasa tuje kwenye bei. Nimechukua zile 5,000 za shangazi nikazipitisha kila mlango anaoweza kuugonga. Ushuru wa serikali nimeuacha nje ya hesabu zote, na ada hubadilika, kwa hiyo kioo cha simu yako siku unayokopa ndicho chenye neno la mwisho.

M-Shwari hutoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa 5,000 hiyo ni shilingi 375. Ukichelewa, siku zinaongezwa 30 nyingine na ada inatozwa tena kwa kilichobaki. Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba ada hii haijali siku. Ukirejesha kesho ni 375, ukirejesha siku ya thelathini ni 375. Anayelipa haraka kwa uaminifu wake amenunua siku 29 ambazo hakuzitumia.

Fuliza, iliyoanza Januari 2019, ina umbo jingine kabisa. Ni pesa ya kujaliza pale salio linapopungua, ina ada ya kufungulia ya asilimia 1, halafu ada ya kila siku kulingana na ukubwa wa deni. Chukua kwa mfano ada ya siku iwe shilingi 25. Siku tatu zitakugharimu 50 za kufungulia na 75 za siku, jumla 125. Siku 30 zitakuwa 800. Huduma ile ile imegeuka kutoka rahisi kuwa ghali, na mwenye kuigeuza ni kalenda. Kwa haja ya siku mbili tatu, Fuliza inaishinda M-Shwari. Baada ya kama siku kumi na tatu mambo yanageuka. Ninamwona jirani ambaye kila mshahara ukiingia unakatwa Fuliza ya mwezi uliopita, naye anafuliza tena siku hiyo hiyo. Huyo analipa kodi ya kuishi.

Hustler Fund, mfuko wa serikali uliozinduliwa na Rais William Ruto tarehe 30 Novemba 2022, ndio wa bei ya chini kuliko yote ya simu: asilimia 8 kwa mwaka. Kwa 5,000 na siku 14 ni kama shilingi 15. Mfuko huo ulipoanza, asilimia 5 ya mkopo ilikuwa ikiwekwa akiba, kwa hiyo mkononi ungepata 4,750 na 250 zingebaki kwa jina lako. Kasoro yake ni limiti. Wengi walianzia shilingi 500, na kreti haijazwi kwa 500.

Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Elfu tano kwa mwezi mmoja ni shilingi 50. Ila Sacco inataka uwe umeweka akiba kwanza, na kwa kawaida hukopesha hadi mara tatu ya akiba hiyo, tena wadhamini watie sahihi. Lori halingoji sahihi. Chama cha kina mama wa pale mtaani kinatoza asilimia 10 kwa mwezi, yaani 500, kiasi kinachozidi M-Shwari. Lakini mwisho wa mwaka faida ile inagawanywa, na shangazi ni mmoja wa wagawanao. Mkopeshaji wa mtaani, yule anayebaki na kitambulisho chako au runinga yako, nimemsikia akitaja asilimia 20 kwa mwezi bila kupepesa macho. Elfu moja.

Ukiishia hapo utasema shangazi anapotea, kwa nini asisubiri Sacco. Nilimwambia hivyo. Alinitazama akasema, "Mwanangu, wewe unahesabu riba. Mimi nahesabu mizunguko." Akakaa juu ya kreti akanipigia hesabu kwa vidole. Nyanya za 5,000 huisha kwa siku mbili, tatu soko likilala. Akitoa zinazooza, ada ya meza na ya mkokoteni, hubaki na shilingi 600. Katika siku 30 pesa ile inazunguka mara kumi kwa uchache. Ni 6,000 zilizozaliwa na mkopo uliomgharimu 375. Akingoja Sacco wiki mbili ili aokoe 325, amepoteza mizunguko minne au mitano, yaani 2,400 au zaidi.

Hapo nilifunga mdomo. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza asilimia ngapi, huuliza kwanza pesa hii itazunguka mara ngapi kabla deni halijaiva. Bei ya mkopo haisomeki peke yake.

Lakini ubavu wa pili wa hesabu hiyo una makali. Januari iliyofuata, shangazi huyo huyo alitaka kulipa karo ya 30,000 kwa mkopo wa simu, kwa kuwa ulikuwa karibu na kidole. Karo haizunguki. Ukishailipa imeondoka, na faida yake ni ya miaka ijayo. Tuliketi na kalamu. Akilipa 5,000 za deni kila mwezi kwa miezi sita, Sacco ya asilimia 1 ingemtoza 300, kisha 250, kisha 200, hadi 50: jumla 1,050. Mkopo wa simu wa asilimia 7.5, ukihuishwa kila mwezi kwa salio lile lile, ungemla 7,875. Tofauti ni 6,825. Kwake hiyo ni faida ya mizunguko kumi na mmoja na ushei, zaidi ya mwezi mzima wa kuamka saa tisa usiku.

Kuna bei nyingine isiyoandikwa kwenye kioo, na hiyo naijua kwa maumivu yangu mwenyewe. Kabla ya kanuni za 2022 za mikopo ya simu nilikopa 3,000 kwenye programu moja ambayo sitaitaja. Wakati wa kuipakua iliomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu, nami nikabonyeza "kubali" kama tubonyezavyo sote. Nilichelewa siku nne. Siku ya tano walimpigia mama mkwe wangu. Mtu asiyemjua alimwambia mama yule, ambaye mimi sijawahi hata kuinua sauti mbele yake, kwamba mkwewe ni mwizi wa elfu tatu. Nililipa jioni ile. Lakini mpaka leo, nikiingia nyumbani kwake, ninaona anavyoweka salamu yangu kwenye mizani. Ada ya mkopo ule ilikuwa 450. Niliyolipa hasa hayana risiti.

Kwa hiyo unapolinganisha, linganisha na hili: programu inataka kuona nini? Anayetoa ada ndogo lakini anataka majina yote ya simu yako ameshika rehani kubwa kuliko runinga. Mambo yamebadilika, na inafaa mkopaji ayajue. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za Machi 2022 zilimtaka kila mkopeshaji wa simu awe na leseni, na zikapiga marufuku vitisho, matusi na kuwapigia watu waliomo kwenye simu yako ili kukuaibisha. Mwaka 2023 Google ilizikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kugusa majina na picha za mtumiaji. Mwaka huo huo Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa kutumia data za watu bila idhini. Kabla ya kupakua, fungua orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu ulitafute jina la kampuni, maana jina la programu na jina la kampuni mara nyingi ni mawili tofauti. Kwa majirani zetu wa Tanzania, ambako mikopo ya namna hii imepewa jina linaloieleza sawasawa, kausha damu, Benki Kuu yao ilizitaja programu 69 zisizo na kibali mwezi Novemba 2024. Orodha hiyo nayo ni ya kusomwa.

Pwani hapa kuna swali jingine, la riba yenyewe. Nimewasikia watu wakisema M-Shwari inatoza "ada", basi hakuna neno. Jina si hoja, na mimi si mwanachuoni. Muulize sheikh wako kabla ya kuuliza kompyuta. Ninachoweza kusema kama mlinganishaji ni kwamba zipo benki na Sacco zinazofuata sharia, ambazo hununua bidhaa na kukuuzia kwa faida iliyotajwa mapema. Faida ikishatajwa haikui ukichelewa, na kwa mtu wa mapato yasiyotabirika hiyo ni nafuu ya kweli, awe Mwislamu au asiwe.

Linaloniuma zaidi ni kosa la mashine. Binti wa shangazi alipotewa na simu akanunua laini mpya. Aliomba mkopo akaambiwa hafai. Kwa macho ya kompyuta alikuwa amezaliwa juzi. Wanawake wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume, na uaminifu wao wote wa kulipa unaandikwa kwa mtu mwingine. Mashine inatabiri kama utalipa. Haiulizi kama mkopo utakufaa, wala haijui kwamba umebadilisha laini kwa sababu umeibiwa. Benki ya zamani ingalau ilikuwa na kiti mbele ya meza, ungeweza kukaa ukajieleza.

Kiti hicho kipo bado kisheria, na ni wachache sana wanaokijua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo lenye uzito kwako. Ukikataliwa na mashine, mkopeshaji anapaswa kukujulisha hivyo kwa maandishi, nawe unaweza kudai uamuzi uangaliwe upya. Pia una haki ya kupata ripoti yako ya mikopo bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka kwa shirika la taarifa za mikopo, Metropol, TransUnion au Creditinfo. Binti yule aliichukua ripoti yake akakuta deni la 2019 alilokwisha kulipa bado linasomeka kama halijalipwa. Ameandika barua, ameambatisha ujumbe wa M-Pesa wa siku aliyolipa, na anasubiri jibu.

Shangazi naye ameigawa siku yake. Nyanya anazikopea kwenye simu, na kila jioni kabla ya kufunga meza anatuma 150 kwenye Sacco ya wafanyabiashara wa soko. Karo ya Januari ilitoka huko. Wadhamini wake walikuwa wawili: muuza vitunguu wa meza ya pili, na yule mwenye lori asiyekopesha mtu.