NDEGE HUFUATA RIZIKI YAKE

Kwa Wanachama wote,

Mwanachama mwenzetu mmoja, aliyepata kukaa katika machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, ameuliza swali linalostahili kujibiwa katika jarida hili. Asema: Kwa nini mahali penye mashine, moshi na zogo la watu pana kunguru na mwewe wengi, na ukiingia porini huwaoni ila mmoja mmoja? Jibu la swali hili latuhusu sisi wenye mikarafuu kuliko tunavyodhani.

Nyarugusu anayoitaja si ile kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu, Kigoma. Ni mji mdogo wa wachimbaji katika mkoa wa Geita, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Ndege wa huko, kama ndege wa kwingineko, hutaka mambo mawili: chakula, na mahali pa kutaga. Akiyapata hayo hajali kelele, akiyakosa huhama.

Wachimbaji wakikusanyika, huja mama ntilie, huja machinjio, na nyuma yao hutokea jaa. Hapo ndipo kunguru mwenye kifua cheupe anapopata makombo, na mwewe anapodokoa vipande vya nyama. Katika mji wa Mwanza, jirani na Geita, yuko pia korongo mkubwa mwenye upara na kifuko shingoni, ambaye hula mizoga, vyura, samaki na taka za sokoni, na hutaga juu ya miti iliyo katikati ya watu. Yangeyange naye hufuata ng'ombe wa Wasukuma, kwa kuwa kwato zikikanyaga majani panzi huruka, naye huwadaka. Mambo ya yangeyange tunayaona hata hapa kwetu.

Lakini miti ya miombo ikikatwa kwa mkaa na kwa magogo ya kuegemeza mashimo, wako ndege wanaopoteza nyumba. Hondohondo ni mmoja wao. Jike huingia katika tundu la mti mkubwa, mlango ukazibwa kwa udongo ukabaki ufa mwembamba, na dume humlisha kwa ufa huo. Mti mchanga hauna tundu kama hilo. Basi ndege wa jaa huongezeka, na ndege wa mti mkongwe hupungua. Na mwenye kuwachagua ni binadamu, ingawa hakukusudia.

Upande wa Shinyanga wako kwelea kwelea, wadogo kama shomoro. Chakula chao hasa ni mbegu za majani ya porini. Mvua ikinyesha na mbegu zikaota, chakula kile huisha, nao huhama. Wakikuta uwele, mtama au mpunga umeiva huushukia. Ndege mmoja hula kiasi cha gramu 10 kwa siku. Hesabu ni nyepesi: ndege 100,000 humaliza tani moja, na makundi yao hufika mamilioni.

Sasa turudi kwetu. Kunguru mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wa visiwa hivi. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Alizila, akazaana, akavuka bahari, hata watu wa Bara leo humwita kunguru wa Zanzibar. Yeye hula vifaranga vya kuku na mayai ya ndege wengine. Katika miaka ya 1990 walitegwa na kuuawa Unguja, wakapungua sana. Kazi ilipolegea wakarudi kuwa wengi. Mzizi wa kunguru ni jaa. Jaa likibaki, naye hubaki.

Kinyume chake, Pemba inao ndege wanne wasiopatikana mahali pengine popote duniani: ninga wa Pemba, alaye matunda, chozi wa Pemba, anyonyaye maua na kula wadudu, kidege wa rangi ya manjano mwenye mduara mweupe kuzunguka jicho, na bundi mdogo wa Pemba, alaye wadudu usiku. Bundi huyu hukaa katika msitu wa Ngezi na pia katika mashamba ya mikarafuu mikongwe yenye kivuli kizito. Wako wanaomwita mkosi wakamfukuza kwa mawe. Mkosi hana, kazi yake ni kula wadudu wa shambani mwetu.

Kwa hiyo wanachama mnaombwa mambo matatu:

1. Taka za jikoni na matumbo ya samaki yafukiwe, yasitupwe wazi karibu na nyumba wala kambi za wachumaji.

2. Mnapoondoa mikarafuu iliyozeeka, msifyeke shamba zima mara moja. Pandeni miche kwa zamu, na mikuyu na miti mingine ya matunda iliyo mabondeni iachwe.

3. Watoto wakatazwe kupiga ndege kwa manati na kuvunja viota.

Mwenye shamba ndiye mwenyeji wa ndege. Akiwawekea jaa atapata kunguru. Akiwaachia miti atapata ninga na chozi. Nasi tulirithi mikarafuu hii pamoja na ndege wake. Yafaa tuwarithishe watoto wetu vyote viwili.

Wasalaam,
Katibu wa Chama